Kutoka Dagoretti Corner hadi Kalymnos: jiwe si shida, shida ni taarifa ya benki

KWENYE kibanda cha chai karibu na steji ya Dagoretti Corner, meza ya pembeni sasa ina wenyewe. Kila Jumapili, saa kumi na moja jioni hivi, tunajipanga pale watu wanne, kila mtu na chapati zake mbili, simu moja katikati ya meza ikiwa imefunguliwa ramani. Mwenye kibanda amechoka kutuuliza tunanunua ploti wapi.

Si ploti. Ni Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki kilicho mashariki mwa bahari ya Aegean, karibu kabisa na pwani ya Uturuki. Tunataka kwenda kukwea miamba.

Najua unachowaza, maana mamangu alikiwaza kwanza. "Kwani mawe ya Ndarugu yameisha?" aliniuliza nilipomfungulia roho. "Kila siku malori yanapita hapa Naivasha Road yamejaa mawe. Panda hayo, jioni urudi ule."

Sikuwa na jibu la haraka. Hata leo sina jibu linaloweza kumtosha mzazi aliyelea watoto Riruta kwa kuuza mboga. Lakini tumepanga safari hii kwa karibu miaka miwili sasa, na nimegundua kwamba kile nilichodhani kingetushinda, yaani ukuta wa mawe wenye urefu wa jengo la ghorofa kumi, ndicho kinachonipa usingizi mzuri. Kinachonikosesha usingizi ni makaratasi.

Tuko wanne. Kuna mwalimu wa shule ya msingi kule Waithaka, ambaye sote tunamwita Madam hata nje ya kazi. Kuna dada anayehudumu katika duka la dawa Kabiria. Kuna fundi wa pikipiki wa Satellite, mwenye vidole ambavyo nati iliyoshika kutu huviogopa. Halafu mimi, ninayeandika. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa akijua kwamba kukwea mawe ni mchezo. Utotoni kwetu ukipanda ukuta ulikuwa unatoroka shule.

Yote yalianzia Hell's Gate, Naivasha. Tulienda na kundi la kanisa, mambo ya kawaida: kukodi baiskeli langoni, kupiga picha na pundamilia, kula nyama. Ukishaingia tu mbugani unakutana na Fischer's Tower, nguzo ya jiwe la volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyopewa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyepita pale katika miaka ya 1880. Chini yake huwa kuna vijana wa eneo hilo wenye kamba na kofia ngumu, nao kwa malipo ya kuelewana wanakufunga mshipi wa kiunoni na kukupandisha.

Fundi alikuwa wa kwanza. Alipanda na raba za mtumba kutoka Toi, akafika juu, akakaa kimya. Sisi chini tulidhani ameogopa kushuka. Aliposhuka alisema jambo moja tu: "Wasee, pale juu nilisahau deni." Wiki mbili baadaye tulirudi.

Usidhani tumevumbua kitu. Mountain Club of Kenya ilianzishwa 1949, na wanachama wake walikwea na kuandika njia za Hell's Gate, Lukenya na Mlima Kenya kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Mmoja wao, Ian Howell, alijenga kibanda juu ya kilele cha Nelion mnamo 1970, akibeba vifaa na kupanda peke yake mara 13. Mtu akikuambia fundi wa mjengo wa Nairobi anachelewesha kazi, mwambie kuhusu huyo. Na Kisoi Munyao ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani usiku wa uhuru, Desemba 1963. Kwa hivyo kukwea si mambo ya Wazungu pekee. Ila ni kweli kwamba kwa miaka mingi ulihitaji gari, vifaa kutoka ng'ambo na rafiki mwenye vifaa. Sisi tulianza na nauli ya matatu.

Basi kwa nini Kalymnos?

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita 110 za mraba, chini ya sehemu moja ya sita ya Kaunti ya Nairobi. Watu wake ni takriban 17,000. Dagoretti peke yake, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na zaidi ya 434,000. Lakini milima yake ni miamba mitupu ya chokaa, na njia za kukwea zilizokwisha kutobolewa na kuwekewa bolti ni maelfu. Bolti ndilo neno la muhimu hapa. Mlima Kenya unapanda ukichomeka vyuma vyako mwenyewe kwenye nyufa na kuomba Mungu. Kalymnos bolti ziko kwenye jiwe tayari, kila baada ya mita chache, unanasisha karabina na kamba yako unapopanda. Ukiteleza unaanguka kidogo, unaning'inia, unacheka au unalia, unaendelea.

Na kuna hadithi yake, ambayo ndiyo iliyomshika Madam. Kwa vizazi vingi watu wa Kalymnos walikuwa wazamiaji wa sponji, ile sifongo ya baharini ya kuogea. Vijana waliondoka baada ya Pasaka kwa mashua hadi pwani za Afrika Kaskazini, wakarudi kabla ya baridi. Vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na bomba la hewa lilipoletwa katika karne ya 19, waliweza kwenda chini zaidi na kukaa zaidi, lakini hakuna aliyewafundisha kwamba ukipanda haraka kutoka kilindini, hewa iliyo ndani ya damu hutoa mapovu. Wengi walikufa. Wengi walirudi wakiwa wamepooza. Mpaka leo kisiwani kuna ngoma ambayo mchezaji kiongozi hutetemeka na kujiburura kwa mkongojo, akiigiza mzamiaji aliyelemaa.

Miaka ya 1980 sponji zenyewe zikapigwa na ugonjwa, na biashara iliyokuwa tayari imedhoofika kwa sababu ya sponji za viwandani ikazidi kuzama. Kisha 1996 Muitaliano aitwaye Andrea di Bari, mkweaji aliyekuja likizo, akatazama juu ya kijiji cha Masouri na kuona kile ambacho wenyeji walikuwa wanakiona kama mahali pa mbuzi. Akarudi na mashine ya kutoboa. Leo wakweaji kutoka dunia nzima hujaza vyumba vya Masouri kila masika na kila vuli.

"Fikiria," Madam alisema. "Jiwe lililokuwa halina kazi." Halafu akatazama nje upande wa Ngong Road, nikajua anawaza Hell's Gate na wale vijana wa kamba.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana najua wengine mmefika hapa mkingoja bei.

Hakuna ndege ya kutoka Nairobi moja kwa moja hadi Kalymnos. Unapanda ndege hadi Athens ukipitia Addis Ababa, Cairo, Doha au Istanbul. Kutoka hapo tuliangalia njia mbili: ndege ndogo hadi kisiwa jirani cha Kos kisha mashua kutoka Mastichari, mwendo wa chini ya saa moja, au meli kubwa kutoka bandari ya Piraeus, inayokwenda usiku kucha hadi Pothia, mji mkuu wa Kalymnos. Tumechagua meli. Ni nafuu, na usiku huo hulipii chumba. Aliyewahi kulala kwenye basi la usiku la Mombasa hawezi kushindwa na kiti cha meli.

Kwa bei tulizoziona wakati tunapanga, na euro moja tukiihesabu kuwa Sh150, kila mtu anahitaji hivi: ndege kwenda na kurudi Sh110,000, meli Sh18,000, viza Sh13,500, bima Sh8,000, chumba siku kumi tukigawana wanne Sh22,500, chakula na usafiri wa kule Sh45,000, mchango wa vifaa Sh30,000, na Sh15,000 za dharura. Jumla Sh262,000.

Ile Jumapili tuliyopata jumla hiyo, chai ilipoa. Fundi aligawanya kwa miezi 20, akapata Sh13,100 kwa mwezi. Akagawanya tena kwa siku 25 za kazi: karibu Sh525 kila siku. "Hiyo ni kubadilisha klachi moja na kuziba pancha mbili," akasema, kama mtu anayezungumzia mkate na maziwa. Mamake alipokuja kusikia hesabu hiyo alisema pesa hizo zinanunua pikipiki mpya na chenji inabaki. Na hakukosea. Kijana wa miaka 26 ambaye angeweza kuwa na bodaboda ya kumletea pesa kila siku, anaweka pesa hizo aende kuning'inia kwenye kamba ng'ambo. Sina namna ya kulipamba hilo. Alimjibu mamake, "Mama, pikipiki nitatengeneza mpaka nizeeke. Magoti yangu hayatangoja." Mama hakucheka.

Tukafanya kile ambacho kila mtu wa mtaa angefanya: tukaunda chama. Kila mwisho wa mwezi pesa zote zinaingia akaunti moja, mwekahazina ni dada wa duka la dawa kwa sababu kazi yake ni kuhesabu vidonge bila kukosea. Miezi mitano tulikuwa fiti kabisa. Tulikuwa tunajisifu hata.

Kumbe tulikuwa tunajichimbia shimo.

Kalymnos iko Ugiriki, na Ugiriki iko katika eneo la Schengen. Mkenya anahitaji viza, na ombi linapelekwa ubalozi wa Ugiriki hapa Nairobi, kwa kuwa ndiko unakokwenda. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ombi unaweza kulipeleka mapema kabisa miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15. Jibu huchukua siku 15, lakini linaweza kusogea hadi 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kule. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kukurudisha nyumbani.

Hayo yote ni ya kujaza. Lakini kuna swali moja ambalo halina kisanduku cha kujaza, nalo ndilo linaloangusha vijana wengi: utarudi?

Afisa hakujui. Hajui mamako wala deni lako la duka. Anachosoma ni karatasi: barua ya kazi, likizo iliyoidhinishwa, hati za biashara, na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Anatazama mshahara unavyoingia na kutoka. Na hapo ndipo chama chetu kilipokuwa kinatuponza. Kwetu, pesa iliyo kwa wenzako ni pesa salama kuliko iliyo mfukoni mwako, maana huwezi kuila peke yako. Ubalozini, pesa iliyo kwa wenzako si yako. Akaunti yangu ilikuwa inaonyesha mtu anayepokea mshahara tarehe 28 na kubaki na Sh400 tarehe tano. Na kama tungengoja mpaka wiki ya ombi ndipo tugawane akiba, kila mmoja angeonekana amepewa robo milioni na mtu asiyejulikana siku tatu kabla ya miadi. Hiyo inanuka, na hata mimi ningekuwa afisa ningekunja uso.

Tulijua haya kwa bahati tu. Dada wa duka la dawa ana binamu aliyenyimwa viza ya nchi nyingine ya Schengen akiwa na pesa za kutosha kabisa. Zilikuwa zimeingia juzi. Jumapili iliyofuata tukavunja akaunti ya pamoja. Kila mtu akachukua chake na kukiweka benki kwa jina lake, na kuanzia hapo mchango ni wa kuonyeshana simu: kila mwisho wa mwezi unafungua akaunti yako mezani, wenzako wanaona salio, basi. Chama bila sanduku. Kimetufanya tuaminiane zaidi kuliko kile cha kwanza, ingawa kuna mwezi mmoja salio langu lilinitia aibu nikalazimika kununulia kila mtu chapati.

Kwa fundi kazi ilikuwa kubwa zaidi. Madam ana barua ya mwajiri. Dada ana mshahara. Fundi ana gereji ya mabati, na maisha yake yote ya pesa yako M-Pesa: inaingia Sh300, inatoka Sh250. Taarifa yake ya mwezi mmoja ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya bajeti na mwishoni haisemi chochote. Ilibidi afungue akaunti ya benki na kuweka mauzo ya siku humo kila jioni kabla ya kufunga. Akachukua kibali cha biashara cha kaunti. Akajaza ritani za KRA kabla ya 30 Juni, mara ya kwanza maishani mwake bila kuandika sufuri. Kodi ilimuuma. Lakini kuna siku nilimkuta ameketi kwenye ndoo ya oili iliyopinduliwa, anasoma kibali chake kama barua ya mpenzi. "Sikujua mimi ni kampuni," akaniambia.

Mimi pia nilifanya ujinga wangu, niuseme ili usiurudie. Mwanzoni kabisa nilikutana na jamaa mjini aliyejiita wakala wa usafiri, ofisi ina kapeti na picha ya ndege. Alisema viza ni uhakika, anajua watu, anataka Sh10,000 za kuanzia. Nikatoa. Baada ya wiki mbili akanitumia barua ya mwaliko kutoka hoteli ambayo nilipoitafuta haikuwa kwenye kisiwa hicho wala kingine. Nilipouliza akaniambia nisiwe na maswali mengi. Karatasi ya uongo ikigunduliwa si kwamba unanyimwa tu. Unajiharibia jina kwa kila ombi la baadaye. Nikaichana, na Sh10,000 zikaenda. Hakuna mtu nje ya ubalozi anayeweza kukuahidi viza, na aliye ndani hawezi kukuuzia.

Vilevile usinunue tiketi kabla ya jibu. Chumba unaweka nafasi ya aina inayoweza kufutwa bila malipo, ndege unaonyesha nafasi uliyoshikiliwa tu. Na soma bima yako mpaka mstari wa mwisho, maana nyingi za bei rahisi zinatosha kwa viza lakini zinasema wazi kwamba mtu akijiumiza akikwea kwa kamba, shauri yake. Hizo Sh8,000 kwenye hesabu yetu ni za bima inayotaja ukweaji. Tungeweza kupata ya nusu ya bei hiyo. Sikutaka.

Sababu ya kutotaka ni siku moja ya Lukenya.

Lukenya ni kilima kilicho upande wa Mombasa Road ukishapita Athi River. Mawe yake mafupi yamefundisha wakweaji wengi wa Nairobi, na sisi tulienda huko karibu kila mwezi. Siku hiyo tulikuwa na kamba ya kuazima. Mwenyewe alikuwa ameikata ncha iliyochakaa, na hatukuuliza amekata kiasi gani. Fundi alipanda, akafika kwenye bolti za juu, akaanza kushuka nikimteremsha taratibu, nikiongea na dada kuhusu mechi. Nikasikia Madam anapiga kelele: "Kamba!"

Nilitazama mkononi. Zilibaki kama mita mbili, na mwisho wake haukuwa na fundo. Fundi alikuwa bado yuko juu kiasi cha kuvunja miguu. Ningemteremsha kwa sekunde chache tu zaidi, ncha ingepita kwenye kifaa na mtu angeanguka chini kama gunia. Nikafunga mkono. Akapata ukingo wa kusimama, akashika jiwe, akashuka pole pole kwa mikono yake. Hakunigombeza. Alivua mshipi, akakaa mbali, akanywa maji. Ni mimi niliyetapika.

Sasa sikiliza hesabu ya Kalymnos. Njia ya pale yenye urefu wa mita 35 ni kitu cha kawaida. Kamba inapanda na wewe mita 35, halafu inarudi mita 35 hadi kwa anayekushikilia. Hiyo ni 70. Kamba yetu ya mazoezi ni 60. Ndiyo maana kwenye ile Sh30,000 ya vifaa, kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa kamba mpya ya mita 80, kabla ya viatu, kabla ya chochote cha kupigia picha. Na fundo mwishoni, kila mara, hata kama njia ni ya mita nane na kila mtu anaona ardhi. Siku hizi fundi hafungi mshipi kabla hajaliona fundo hilo kwa macho yake. Hanitazami usoni anapolikagua, nami sisemi kitu.

Tunakwenda Aprili, likizo ya shule, kwa sababu ya Madam. Wengi husifu Oktoba, bahari ikiwa bado na joto, lakini Oktoba ni muhula wa tatu na mwalimu mkuu wake si mtu wa kuombwa. Aprili maji ni baridi, bei za vyumba ni nafuu kidogo, na jua haliunguzi. Kuta nyingi za juu ya Masouri hutazama magharibi, kwa hivyo asubuhi ni kivuli na alasiri ni tanuri. Utakwea mapema, mchana ule na kulala. Mvua ikinyesha kuna pango kubwa liitwalo Grande Grotta, lenye mawe yanayoning'inia darini kama nyama buchani Dagoretti Market. Sisi hatujafika kiwango cha kulikwea. Tutakaa chini tuwatazame wenye misuli.

Tukibahatika kufika wakati wa Pasaka ya Kiorthodoksi, vijana wa kisiwa hicho wana desturi ya kulipua baruti milimani usiku kucha. Si fataki, baruti kabisa. Dada ameshauri siku hiyo tukae chumbani. Fundi anasema aliyekulia Kawangware wakati wa uchaguzi hawezi kutishwa na mlio. Tutaona.

Jambo lililotugawanya lilikuwa hili: mmoja akinyimwa viza, je? Mezani kila mtu alijua ni nani tunayemzungumzia, lakini hakuna aliyemtazama. Dada alisema wote au hakuna. Madam akakataa. Alisema kumfanya fundi abebe safari ya watu watatu begani ni kumtesa kuliko kumwacha. Walirushiana maneno mpaka mwenye kibanda akazima redio ili asikie vizuri.

Mwishowe aliyeamua ni fundi mwenyewe. Alisema akinyimwa, sisi tutakwenda. Sehemu yake ya chumba tutailipa sisi, maana haitakuwa kosa lake. Naye atabaki na kamba ya mita 60 na pesa zake zote, aende Mlima Kenya Agosti pamoja na yeyote atakayekuwa amerudi hai. "Na mkirudi," akaongeza, "mtanionyesha picha moja tu. Moja. Mkileta mia nitawachapa." Tukaandika kwenye daftari, tukatia sahihi wanne.

Miadi yetu ubalozini ni Jumanne. Jana nilimsindikiza fundi kwenye studio ya picha pale Corner. Picha ya viza ni milimita 35 kwa 45, nyuma peupe, mdomo umefungwa. Mpiga picha alimfuta oili kwenye sikio kwa kitambaa, akamwambia atulie, asitabasamu. Akajaribu. Mara ya kwanza akacheka, mara ya pili akacheka. Mara ya tano ndiyo iliyotoka sawa. Tukalipa, akaziweka picha zake nne ndani ya bahasha ya kibali cha biashara, tukavuka barabara kurudi Satellite kwa miguu kwa sababu nauli ilikuwa imepanda.